Siti binti Saad: Sauti ya Fumba Iliyovuka Bahari

Msomaji mpenzi, ukiwauliza watu wa shule ni nani waliokipa Kiswahili sura hii tunayoisoma magazetini leo, watakutajia mabwana wa serikali na mapadri waliokutana Mombasa mwaka wa 1928. Watakuambia kwamba hapo ndipo lahaja ya Unguja ilipochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili cha vitabu na cha shule, katika Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja yenyewe. Watakueleza pia kwamba kamati ya lugha ikaanza kazi mwaka wa 1930, na kwamba kamusi zake zikatoka mwaka wa 1939. Hayo yote ni kweli na sina haja ya kuyapinga.

Lakini mwaka ule ule wa 1928, mabwana wale walipokuwa wakijadili herufi na maneno, mwanamke mmoja wa Unguja ambaye hakupata kwenda shule alipanda meli pamoja na wapigaji wake wakaelekea Bombay, mji ambao leo huitwa Mumbai. Huko alisimama mbele ya chombo cha kunasa sauti akaimba kwa Kiswahili. Sahani zilizotokana na safari ile zilifika Mombasa, Lamu, Tanga, Dar es Salaam na bara, tena zilifika kabla ya kamusi. Kwa hivyo mimi, kila nikisikia watu wakibishana juu ya nani mwenye Kiswahili, humkumbuka Siti binti Saad. Leo nataka tuyapitie maisha yake, kwani ndani yake mna mambo ambayo sisi tunaoishi kwa kalamu na kwa sauti tumeanza kuyasahau.

MTOTO WA FUMBA

Siti alizaliwa Fumba, kusini magharibi mwa kisiwa cha Unguja, yapata mwaka wa 1880. Asili ya wazazi wake ilikuwa bara. Upande wa baba ulikuwa wa Wanyamwezi wa Tabora, na upande wa mama ulikuwa wa Wazigua wa pande za Tanga. Walikuwa watu maskini, wakulima na wafinyanzi, na walikuwa katika tabaka lile lililoonja utumwa. Utumwa wenyewe ulikuwa haujafutwa Unguja. Sheria ya kuufuta ilitoka mwaka wa 1897, naye alikuwa amekwisha kuwa msichana mkubwa.

Jina alilopewa utotoni halikuwa Siti. Aliitwa Mtumwa. Nakuomba msomaji usilipite neno hilo upesi. Sisi watu wa pwani hujua jina lina uzito gani. Mtoto akiitwa Mtumwa, kila amwitaye humkumbusha mahali alipowekwa katika mji. Huitwa hivyo kisimani, huitwa hivyo sokoni na huitwa hivyo arusini. Baadaye, alipokwisha kujulikana mjini kwa uimbaji wake, ndipo alipopewa jina la Siti, neno lenye asili ya Kiarabu ambalo maana yake ni bibi mwenye heshima. Basi mtu huyu mmoja aliyazunguka majina mawili ambayo katika mji wa Unguja wa siku zile yalikuwa mbali kama mbingu na ardhi, na kilichomvusha ni sauti yake.

Hakutiwa shule. Kazi aliyoikuta nyumbani ni kusuka ukili na kufinyanga vyungu, na alipokua alishika biashara ya kuvichukua vyungu kwenda kuviuza. Alijitwika akatembea kwa miguu kutoka shamba, akipita vijijini na kuingia mjini, huku akitangaza bidhaa yake kwa kuimba. Wahenga walisema chema chajiuza, lakini mwenye kujitwika vyungu hawezi kungoja vijiuze. Sharti apaze sauti, na sauti hiyo iwe ya kumtoa mama wa watu jikoni aje mlangoni. Wanaoyasimulia maisha yake husema kwamba watu walianza kuitambua sauti ya muuza vyungu kabla hawajamwona, wakajua yuaja yule binti wa Fumba.

Mimi huiona njia ile ya vyungu kuwa ndiyo shule yake. Msomi hufunzwa kusema na watu walionyamaza kumsikiliza. Muuza vyungu hujifunza kusema na watu wenye shughuli zao, waliogeuza uso. Aliyefuzu huko hawezi kuimba neno ambalo msikilizaji halielewi.

TAARABU YA KASRI

Mwaka wa 1911 aliihama Fumba akaja kukaa mjini. Hapa inafaa nieleze hali ya taarabu ilivyokuwa, ili ijulikane alikuta nini.

Taarabu ya Unguja ilikuwa na asili ya kasri. Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alipenda sana muziki wa Misri, na inajulikana kwamba alimpeleka Muhammad Ibrahim huko Misri akajifunze kupiga kanuni ili aje kuwapigia watu wa kasri. Mwaka wa 1905 vijana wa mjini wakaunda chama chao cha Ikhwani Safaa, wakaagiza ala na wakakutana kupiga na kuimba. Lakini lugha ya nyimbo ilikuwa Kiarabu. Waliokaa kusikiliza, wengi wao hawakuwa wakiifahamu barabara. Walifurahia sauti na ala, wakatikisa vichwa, na maana ikabaki kwa wenyewe.

Hali hiyo naielewa vizuri kwa sababu mimi ni mtoto wa chuoni. Tulipokuwa wadogo tulikariri juzuu nzima nzima hatujui maana ya aya moja, na mwalimu wetu hakuwa akitushika kwa maana bali kwa makhraji: kila herufi itoke mahali pake, ya kooni itoke kooni na ya ulimini itoke ulimini. Katika Kurani jambo hilo lina hikima yake na heshima yake. Lakini wimbo wa barazani ni jambo jingine. Wimbo ni mazungumzo ya watu na watu, na mazungumzo yasiyofahamika ni kelele za kupendeza tu.

Mtu aliyemfungulia Siti mlango ni Ali Muhammad, mmoja wa watu wa Ikhwani Safaa. Huyu alimsikia, akaitambua ile sauti, akamfunza uimbaji wa taarabu na matamshi ya Kiarabu. Siti akawa hodari wa kuimba kwa Kiarabu kama wanaume wa chama, na baadaye akaimba hata kwa Kihindi. Lau angetaka, angeishia hapo, akawa mwimbaji mwingine wa kasri mwenye kusifiwa kwa kuiga vizuri. Lakini jina lake ndilo linalotajwa kila inapoelezwa jinsi taarabu ilivyotoka katika Kiarabu ikaingia katika Kiswahili, na jinsi ilivyotoka kasri ikaenda Ng'ambo.

GAZETI LA WASIOSOMA

Ng'ambo ni upande wa pili wa mji wa Unguja, ng'ambo ya kile kijito kilichokuwa kikiutenga Mji Mkongwe wenye nyumba za mawe. Huko ndiko walikokaa wengi wa waliotoka utumwani, watu wa bara, mahamali, wavuvi, wachuuzi na wapishi wa nyumba za wakubwa. Ndiko alikokaa Siti, na nyumbani kwake ndiko walikokutana wenzake kufanya mazoezi na kupiga usiku. Wenzake hao ni Subeti bin Ambari, Buda bin Mwendo, Mwalimu Shaabani, na Mbaruku Effandi Talsam, kipofu mwenye ufundi mkubwa wa ala, ambaye sisi watu wa Mombasa hatuachi kumtaja maana alikuwa mwana wa mji wetu.

Nyimbo zao zilikuwa za mapenzi, kama zilivyo nyimbo za taarabu popote, lakini hazikuishia kwenye mapenzi. Jambo likitokea mjini, liwe la mahakamani, la karani aliyekula fedha za watu, la mume anayempiga mkewe, au la tajiri aliyemdhulumu maskini, halikukawia kuwa wimbo. Mtu aliyetoka kazini jioni alikuwa akijua kwamba akipita nyumbani kwa Siti atapata habari za mji, tena atazipata zimepimwa vina na mizani na zimetiwa hukumu ya watu wa Ng'ambo, si hukumu ya jaji.

Nitatoa mfano mmoja, wa wimbo uitwao Kijiti, ambao hata leo watu wanaufahamu. Wimbo ule unasimulia kisa cha mwanamke aliyekuja Unguja kutoka Dar es Salaam akiwa mja mzito. Alitolewa akapelekwa ngomani na mtu aitwaye Kijiti, na mtu huyo akamfanyia uovu na kumwua. Muuaji alivuka bahari akatoroka. Kesi ilipofika mahakamani, walioadhibiwa ni masahibu wa marehemu waliokwenda kutoa ushahidi, kwa kuwa wao ndio waliochukua pombe kwenda nayo ngomani. Aliyeua akasalimika, na waliokwenda kueleza ukweli wakaadhibiwa.

Jambo hilo lilizungumzwa Ng'ambo nzima, lakini mazungumzo hupita na upepo. Siti na wenzake walilifanya wimbo, na kwa sababu hiyo mimi na wewe, karibu miaka mia baadaye, twamjua mwanamke yule alivyouawa na twajua mahakama ilivyohukumu. Sisi waandishi wa magazeti hujivuna kwamba kazi yetu ni kuwasemea wasioweza kusema. Siti alikuwa akiifanya kazi hiyo kwa watu wasiojua kusoma, naye mwenyewe akiwa mmoja wao. Unguja ya siku zile haikuwa kimya hata kidogo. Mwaka ule ule wa 1928 watu wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya viwanja kwa wenye ardhi. Nyimbo na mgomo vyote vilitoka katika vichochoro vilevile.

MATUSI NA JAWABU

Usidhani, msomaji, kwamba mji ulimpokea kwa mikono miwili. Mtu aliyeinuka kutoka chini hutafutiwa la kumrudisha chini. Wapinzani wake wa mjini, wenye nasaba na wenye sura, walimtungia nyimbo za kumsuta. Walimkumbusha shamba alikotoka, na kaniki aliyokuja akijifunga, na vyungu vyake, wakamwambia kwamba isipokuwa ile sauti asingekuwa na lolote la kumtia ugalini.

Alichokifanya Siti ndicho kinachofaa kusomeshwa. Hakukana. Hakujitungia nasaba ya uongo, kama walivyofanya wengi wa zama zile waliojitafutia babu katika miji ya Arabuni. Alijibu kwa wimbo, na maana ya jawabu lake ilikuwa kwamba uzuri wa sura na ukubwa wa kabila si hoja, na kwamba mtu hupimwa kwa akili na mwenendo wake. Wahenga walikwisha kusema kwamba ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo. Mja alikuwa ni nani basi katika ugomvi ule, na muungwana ni nani? Waliojiita waungwana ndio walionena, na mwana wa mfinyanzi ndiye aliyetenda.

Mwishowe alialikwa hata kwa wakubwa, akaimba kasri mbele ya Sultani Khalifa bin Haroub, katika arusi za Waarabu na karamu za Wahindi. Aliyeanza kwa kuita wateja mlangoni sasa akaitwa ndani.

SAUTI KATIKA SAHANI

Ndipo tunapofika Bombay. Kampuni ya Kiingereza ya His Master's Voice, ile yenye alama ya mbwa anayesikiliza tarumbeta, ilikuwa na kazi zake Uhindi, na wafanyabiashara wake walikwisha kuona kwamba watu wa pwani yetu wananunua sahani za Misri na za Kihindi. Wakafikiri kwamba watu hawa wakiuziwa sahani za lugha yao watanunua zaidi. Katika mwaka wa 1928 Siti na kundi lake wakasafiri, na Siti anahesabiwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kuimba katika santuri. Katika miaka michache iliyofuata walitoa makumi ya santuri, na kampuni nyingine za Ulaya nazo zikaanza kuwatafuta waimbaji wa pwani.

Kwa vijana ambao hawakuiona santuri, nitaeleza. Ilikuwa sahani nyeusi, ngumu, nyepesi kuvunjika kama kigae. Iliwekwa juu ya kinanda kilichotiwa ufunguo kwa mkono kama saa ya ukutani, ikazunguka mara 78 kwa dakika, na sindano ya chuma ikapita katika mifereji yake ikaitoa sauti. Sindano yenyewe ilichakaa upesi, ikawa lazima kubadilishwa kila mara. Upande mmoja wa sahani ulichukua kiasi cha dakika tatu tu.

Dakika tatu! Hebu mtunzi mwenzangu fikiri. Wimbo uliokuwa ukiimbwa nyumbani kwa Siti ulikuwa hauna saa. Beti ziliongezwa usiku ule ule, wasikilizaji wakatunza, mtu akaomba ubeti urudiwe, mwingine akapewa jawabu lake palepale. Chombo cha Bombay kilikuwa hakimngojei mtu. Ilikuwa ni lazima kuchagua beti zipi ziingie na zipi ziachwe, na alizoziacha mwimbaji nje ya sahani hazikupata kuvuka bahari. Hiyo ndiyo bei ya kila chombo cha habari. Hukipeleka kitu mbali, lakini kwanza hukikata kikaingia katika kisanduku chake.

Hata hivyo chombo kile kilifanya jambo ambalo halikuwa limewahi kuonekana kwetu. Sisi husema asiyekuwapo na lake halipo. Santuri iliivunja methali hiyo. Siti hakuwapo Lamu, hakuwapo Nairobi, lakini lake lilikuwapo. Mwanamke aliyekuwa haruhusiwi kutoka uani aliweza kumsikia mwanamke mwenziwe akimtaja mume mwovu kwa sauti kavu, na mume yuko sebuleni anasikia pia. Hayo barua isingeyaweza, maana barua ingemhitaji msomaji, na msomaji mara nyingi angekuwa ndiye yule yule mume.

KIUNGUJA KILIVYOINGIA MVITA

Sasa nirudi katika ule mkutano wa Mombasa. Ulipokuwa ukichaguliwa msingi wa Kiswahili cha vitabu, palikuwa na waliosimama upande wa Kimvita, hasa wamishonari wa huku kwetu, waliokwisha kuandika na kupiga chapa kwa lahaja hii. Kimvita kilikuwa lahaja ya ushairi mkubwa, lahaja ya Muyaka bin Haji. Walioshinda ni wa Kiunguja, na sababu zao hazikuwa za kitoto: Kiunguja kilikwisha kutembea na misafara hadi bara, na kilikuwa kimeenea Tanganyika nzima. Lakini hapa Mombasa jambo lile liliacha uchungu, na uchungu huo mimi niliukuta kwa wazee. Walimu wangu wa ushairi walikuwa wakisema kwamba watoto wetu wanafundishwa lugha yao wenyewe kana kwamba ni ya wageni.

Mimi nilizaliwa miaka 20 baada ya Siti kufa. Bibi yangu mzaa mama, wa Mji wa Kale, alikuwa na kinanda cha zamani na santuri chache alizozifunga katika kanga ndani ya sanduku. Bibi alikuwa msemaji wa Kimvita halisi. Alisema kitwa, hakusema kichwa. Alisema mato, ndia na ndaa, hakusema macho, njia na njaa. Mtoto akirudi kutoka shule na maneno ya kitabuni, bibi alimcheka. Lakini alipokuwa akimfuatiza Siti, bibi yule yule aliimba Kiunguja kitupu, kila neno lilivyotamkwa katika sahani, na wala hakuhisi kwamba amepoteza kitu. Maneno ambayo mwalimu alishindwa kumtia kinywani, aliyapokea kwa hiari kutoka kwa mwana wa Fumba.

Nimelifikiri sana jambo hili. Kamati ilikuja na sheria, na sheria hata ikiwa nzuri humfanya mtu atafute pa kuikimbilia. Siti alikuja na jambo la kusema. Aliyependa jambo alilipenda pamoja na maneno yake. Kwa hivyo naona kwamba Kiunguja kilishinda mara mbili katika zama zile. Kilishinda mezani kwa hoja za wakubwa, na kikashinda sebuleni kwa sauti ya mtu aliyekuwa hana cheo. Kama kingeshinda mezani peke yake, huenda kingebaki lugha ya mitihani. Mimi mwenyewe hutunga kwa Kimvita na huandika gazetini kwa Kiswahili sanifu, na sioni tena kwamba moja ni adui wa pili, maana nimekwisha kusikia vyote viwili vikikaa salama katika kinywa cha mtu mmoja.

MWISHO WAKE NA ALIYEKUJA NA KALAMU

Siti alizeeka Unguja, katika mji uliokuwa ukibadilika. Waimbaji wa kike wakaongezeka, na vyama vya wanawake vya taarabu vikashindana kwa mafumbo na sare za nguo. Katika siku zake za mwisho alifikiwa na mgeni kutoka Tanga, naye ni Shaaban Robert, mshairi aliyezaliwa mwaka wa 1909. Shaaban alimsikiliza akisimulia maisha yake, na akayaandika katika kitabu cha wasifu ambacho kilitokea baada ya bibi yule kufa. Huyu mgeni, ambaye Kiswahili chake ndicho kilichokuja kusomwa na kila mwanafunzi wa Afrika Mashariki, aliona kwamba maisha ya mwimbaji asiyejua kusoma yanastahili kitabu. Angeweza kuandika juu ya liwali au sultani. Alimchagua mwana wa mfinyanzi.

Bibi Siti alifariki dunia tarehe 8 Julai 1950. Mwenyezi Mungu amrehemu. Shaaban Robert naye alifuata mwaka wa 1962.

Kazi ya Siti haikuzikwa naye. Fatma binti Baraka, maarufu Bi Kidude, aliyekufa mwaka wa 2013, alizipata nyimbo zake kwa kumsikiliza, akazichukua hadi Ulaya na Japani. Waandishi wanawake wa Tanzania, walipounda chama chao na kutoa jarida la kutetea haki za wanawake, waliliita Sauti ya Siti. Jina hilo lilichaguliwa kwa haki, maana kabla ya kuwapo jarida lolote la namna hiyo, yule bibi alikuwa amekwisha kuifanya kazi yake.

YANATUHUSU NINI SISI

Msomaji ataniuliza: yote haya ya kinanda na sindano yana faida gani kwa mtu mwenye simu mfukoni inayobeba nyimbo elfu? Nami namjibu kwamba yana faida, kwa sababu vyombo hubadilika lakini swali ni lile lile.

Leo kila mmoja wetu ana chombo cha kunasa sauti ambacho Bombay yote ya 1928 isingekiota. Dakika tatu za santuri zimekuwa sekunde chache za video. Nasikia watunzi vijana wa Mombasa na Malindi wakianza na swali la chombo: kipi kitaingia, kipi kitasambaa, kipi kitapendwa na watu wa mbali. Wengine wanaacha maneno ya kwao, wakidhani kwamba mtu wa Nairobi au wa Dar es Salaam hatawaelewa. Wengine wanatia maneno ya kigeni ili waonekane wamefika. Siti alikuwa na kila sababu ya kufanya hivyo. Kiarabu kilikuwa ndiyo lugha ya heshima, na alikijua kukiimba. Kampuni ilikuwa ya wageni, chombo cha wageni, na mji uliomnasa sauti ulikuwa wa wageni. Alichokwenda nacho huko ni maneno ya Ng'ambo, habari za Ng'ambo na majina ya watu wa Ng'ambo, na yakafahamika pwani nzima.

Wala hakuanza na chombo. Chombo kilimkuta yu tayari. Alikuwa na miaka mingi ya kujitwika vyungu, na miaka mingine ya kuimba kila usiku mbele ya watu waliokuwa wakiweza kumwambia usoni kwamba ubeti huu umepwaya. Ndiyo maana alipopewa dakika tatu alijua la kutia ndani yake. Kijana wa leo hupewa chombo kabla hajapewa baraza, na hilo si kosa lake. Ni letu sisi wakubwa tuliozivunja baraza tukajenga maduka mahali pake, na tuliowaacha wazee wenye nyimbo wafe bila ya mtu kukaa nao, kama Shaaban alivyokaa na Siti.

Santuri zilizobaki ni chache, na kila mwaka zinapungua, kwani zile sahani huvunjika, na warithi wa majumba hawajui walichokikuta sandukuni. Ikiwa nyumbani kwenu kuna sanduku la bibi lililofungwa kanga, lifungueni taratibu kabla ya kulitupa. Na kama bibi mwenyewe yupo, mkae naye kwanza, mumwulize ni nyimbo gani alizokuwa akifuatiza.